Kitindamimba, Sayari ya Mjomba

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza kwa fujo. Fundi amefunga paa la darubini na kulivika turubai, na mpaka mwishoni mwa Mei sisi hatuna nyota. Watu wa nje hudhani msimu wa mvua tunakaa kituoni tukinywa chai tu. Chai tunakunywa, sikatai. Lakini huu ndio msimu wa kufua nguo za zamani: vipimo vyote vya miaka iliyopita tunavitoa, tunavisafisha kwa programu mpya, kisha tunavirudisha vilikotoka.

Mwaka huu Mkurugenzi amenipa nyota ya mjomba.

"Nimpe nani mwingine?" kasema. "Ile si mali ya ukoo wenu?"

Kweli. Mjomba wangu, mdogo wake mama, ndiye aliyegundua sayari inayoizunguka nyota ile, miaka kumi na miwili iliyopita. Orodhani ina namba ndefu, ila hakuna anayeitumia. Mjomba hakujaliwa mtoto, na siku aliyotangaza ugunduzi wake alisema, "Huyu ndiye kitindamimba wangu." Jina likaganda. Leo Kitindamimba imo hadi kwenye vitabu vya shule: sayari ya joto la wastani, ambayo huenda ina maji. Mwisho wa Mei mjomba anastaafu, na Mkurugenzi anataka kumuaga kwa kijitabu chenye grafu mpya ya sayari yake. Grafu hiyo ndiyo kazi yangu. Kwa ufupi, nimeambiwa nimpige mtoto wa mjomba picha ya ukumbusho.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Faili mia tatu na kumi na mbili. Nimesafisha arobaini.

Jumanne, 12 Machi

Mama kaniuliza tena mezani hiyo sayari tunaionaje.

"Hatuioni, mama. Iko mbali mno. Tunaiona nyota yake ikiyumba."

"Inayumba kwa nini?"

"Sayari inaivuta. Ukimwona mtu kashika kamba, anavutwa huku, anavutwa kule, utajua kuna mbuzi, hata kama mbuzi mwenyewe yuko nyuma ya ukuta."

Mama akatafuna kidogo. "Na kama huyo mtu kalewa tu?"

Tulicheka mpaka nikapaliwa. Nilimpigia mjomba simu nikamsimulia, naye akacheka kile kicheko chake cha kuishiwa pumzi. Akasema dada yake angesomeshwa angekuwa mkuu wake wa kazi.

Jumatano, 20 Machi

Sielewi.

Nimemaliza kusafisha faili zote na nimezipanga kwa miaka. Nyota ya mjomba inayumba kila siku arobaini na moja, ndivyo kila mtu ajuavyo, ndivyo vitabu visemavyo. Miaka mitatu ya kwanza inayumba vizuri, unaweza kuihesabia saa. Mwaka wa nne inapungua. Wa tano na wa sita imetulia tuli kama maji ya mtungini. Wa saba inaanza tena.

Sayari haichukui likizo. Haiwezi kuacha kuivuta nyota yake miaka miwili halafu ikarudi kazini. Nimekosea mahali. Lazima nimekosea.

Alhamisi, 21 Machi

Nimeanza upya, faili la kwanza. Sijamwambia mtu. Mjomba alipita mlangoni na kikombe chake akauliza, "Mtoto hajambo?" Nikasema hajambo.

Alhamisi, 28 Machi

Naandika haya nikiwa nimekaa sakafuni mwa chumba cha kompyuta, kiti nimekiacha, sijui kwa nini. Nje mvua inapiga mabati huwezi kusikia hata simu.

Sikukosea.

Nyota ina madoa, kama jua letu. Ikijizungusha, madoa yanapita mbele yetu, yanaupotosha mwanga wake kidogo, na chombo chetu kinadhani nyota imeyumba. Zamani hatukuwa na njia nzuri ya kuyatenga madoa. Siku hizi ipo. Nimeipima nyota ya mjomba: inajizungusha mara moja kila siku themanini na mbili, na ina makundi mawili ya madoa, moja upande huu na lingine upande wa pili. Gawa themanini na mbili kwa mbili.

Arobaini na moja.

Madoa yakiwa mengi, nyota "inayumba". Madoa yakiisha, inatulia. Nikayaondoa madoa kwenye hesabu, nikabonyeza kitufe, nikafumba macho kama mtoto anayechomwa sindano. Nilipofumbua, grafu ilikuwa mstari mmoja mnyoofu, bapa, hauna hata kilima cha sisimizi.

Hakuna mbuzi. Mtu kalewa tu.

Jumanne, 2 Aprili

Nilidhani nimeshashtuka kiasi cha kutosha. Kumbe ule ulikuwa utangulizi.

Swali lililonisumbua ni hili: mjomba si mtu wa kubahatisha. Mbona hakuona kwamba nyota hutulia? Nikarudi kwenye vipimo vya mwanzo kabisa, vile alivyovitumia kutangaza. Ndani ya kabrasha lake kwenye kompyuta nikakuta bahasha ya faili nisiyoijua, ameipa jina "mbovu". Vipimo ishirini na vitatu, vyote vya miezi miwili mfululizo. Havimo kwenye makala yake. Nikavisafisha. Vitatu vya kwanza vimeharibika kweli; ishirini ni vizuri kabisa. Na katika vyote ishirini nyota imetulia, haiyumbi hata chembe.

Kama angeviweka, asingekuwa na sayari tangu siku ya kwanza.

Nilimfuata Fundi kwenye karakana yake. Ndiye aliyeihudumia darubini tangu kabla sijaajiriwa, na hutunza madaftari ya zamu kama hati za nyumba. Nikamwuliza mwaka ule kulitokea nini. Akavaa miwani, akafunua kurasa polepole, kidole kikitembea.

"Hapa. Taa ya kulinganishia iliungua. Ile tunayoiwasha ndani ili chombo kijue kimesimama wapi. Nikabadilisha."

"Ulichukua muda gani?"

"Vipimo vitatu viliharibika. Cha nne kilikuwa sawa. Nimeandika mwenyewe, soma: *sawa*."

"Vitatu tu, Fundi? Si ishirini na vitatu?"

Aliniangalia juu ya miwani. Halafu akalifunga daftari taratibu, kwa mikono miwili.

"Mimi nilimpelekea karatasi," akasema. "Vitatu. Yeye ndiye alijua la kufanya nayo."

"Hukuwahi kumwuliza?"

"Binti, mimi nafunga skrubu. Yeye alikuwa ameshatangaza."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua bila mwavuli. Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kwamba kipimo kibaya usikifute mpaka ujue ubaya wake. Aliniandikia kwenye daftari la kwanza la kazi. Alinilipia masomo. Nilikuwa nikimwamini kuliko ninavyojiamini mimi.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimemwambia.

Nilimkuta ofisini anapanga vitabu vyake kwenye maboksi ya kustaafu, akiimba kwa mluzi. Nikaweka karatasi mbili mezani: ile grafu bapa, na orodha ya vipimo ishirini na vitatu.

Aliitazama grafu kwanza. Mluzi ukakatika. Akaivuta karibu, akaigeuza, akaangalia nyuma, kana kwamba sayari imeangukia upande wa pili.

"Umeondoa madoa kwa njia gani?"

Nikamwambia.

"Njia hiyo hula na sayari za kweli. Inajulikana."

"Nimeijaribu kwenye nyota nyingine tano zenye sayari, mjomba. Zote zimebaki."

Ndipo akaiona karatasi ya pili. Nilimwona akiisoma mpaka chini, kisha akaanza tena juu. Masikio yake yalibadilika rangi. Nilitarajia aseme amesahau, au kwamba taa iliungua. Nilimwombea aseme hivyo.

"Nani kakupa ruhusa ya kufungua kabrasha langu?"

"Mjomba—"

"Nimekuuliza nani!" Akapiga meza, boksi likaanguka, vitabu vikatawanyika. "Nimekulea! Nimekuleta hapa kwa mkono wangu huu! Miezi miwili nimebakiza, miwili tu, na wewe ndiye unayeniletea hii?"

Miaka thelathini na sita ya maisha yangu sijawahi kumsikia akipaza sauti. Nikainama kuokota vitabu, sijui kwa nini, labda mikono ilitaka kazi.

"Acha," akasema. "Toka."

Nikatoka. Karatasi zimebaki kwake.

Ijumaa, 5 Aprili

Mjomba hajaja kazini. Mama amejua. Sijui kaambiwa nini, lakini niliporudi alikuwa amekaa sebuleni na nguo za kutokea, hajawasha hata taa.

"Umemwita mdogo wangu mwongo?"

"Sijamwita hivyo, mama."

"Basi umemwita nani? Mtu ana kitu kimoja duniani. Kimoja! Hana mke tena, hana mtoto. Hicho nacho umekipigia hesabu mpaka kimeisha?"

"Hakikuwepo, mama."

"Hukuweza kunyamaza miezi miwili?"

Mama akaingia chumbani kwake. Huu ndio mshtuko nisioutarajia: kwamba yeye, aliyeuliza swali la mlevi mezani, akanichekesha vile, ndiye angekuwa wa kwanza kunifungia mlango.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Hajaja.

Jumanne, 9 Aprili

Hajaja. Mama anaongea nami kupitia redio: anaipandisha sauti nikiingia.

Jumatatu, 15 Aprili

Mkurugenzi aliniita. Kumbe Fundi alimdokeza. Aliangalia grafu kwa muda mrefu, akasugua paji la uso.

"Una hakika?"

"Ndiyo."

"Basi tutafanya hivi. Tunamuaga kwanza, kwa heshima. Baadaye, mwezi wa saba, wa nane, tunatoa marekebisho madogo. Bila kelele. Sayari haijaenda popote, eti?"

Akacheka peke yake. Kisha akaacha.

Nimekubali. Naandika hapa waziwazi ili siku moja nisije nikajidai kwamba nilikataa. Niliwaza mluzi wa mjomba, nikawaza redio ya mama, nikasema, "Sawa, Mkurugenzi." Nikatoka nikijihisi mwepesi kwa dakika kama kumi hivi.

Jumatano, 17 Aprili

Asubuhi nimekuta watu wamesimama mbele ya ubao wa matangazo. Waliponiona wakapisha njia. Palikuwa na karatasi ya mazungumzo ya kila Alhamisi, yale tunayokutana wote tisa wa kituo pamoja na wageni wa chuoni. Mada: *Je, Kitindamimba ipo?* Mtoa mada: mimi.

Mwandiko ni wa mjomba.

Nilikimbilia ofisini kwake. Imefungwa. Nikampigia, hapokei. Mkurugenzi kanipigia mimi, sikupokea. Ameamua kuniumbua mbele ya watu, ndilo nililoliona. Atanichania hesabu zangu vipandevipande, anajua udhaifu wangu wote, ndiye aliyenifundisha.

Nimeshindwa kula.

Alhamisi, 18 Aprili

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi chumba kilikuwa kimejaa, wengine wamesimama ukutani, miavuli ikidondosha maji. Mjomba alikuja wa mwisho. Amekonda. Amevaa suti ile ya siku ya kutangaza, sasa inamlegea mabegani. Hakunitazama. Akakaa kiti cha mbele kabisa, akafungua daftari, akachomoa kalamu.

Nilizungumza dakika ishirini. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine chumba cha pili. Nilionyesha miaka ya kuyumba, miaka ya kutulia, madoa, mstari bapa. Vile vipimo ishirini na vitatu nilivipitia haraka. Nilisema tu kwamba "havikutumika awali".

Mjomba akanyoosha mkono kabla sijamaliza kusema asanteni.

"Hiyo njia ya kuondoa madoa. Umejuaje haikuondoa na sayari?"

Nikajibu: zile nyota tano.

"Tano ni chache. Zote ni angavu kuliko hii. Umejaribu nyota hafifu?"

Nilikuwa nimejaribu, mbili. Nikazionyesha.

"Umepandikiza sayari ya uongo kwenye vipimo vya nyota hii hii, ukaona kama njia yako inaipata?"

Ndiyo, nilifanya, siku zile za redio, kwa kukosa la kufanya. Nikalitafuta faili. Nikalionyesha. Sayari ya uongo ilionekana wazi, ya kweli haikuwepo.

"Mzunguko wa siku themanini na mbili. Umeupata kwa njia moja. Njia moja haitoshi."

Ikaendelea hivyo. Saa nzima, kisha nusu saa nyingine. Kila swali lilikuwa gumu kuliko lililotangulia, na mengine sikuwa nimewahi kuyawaza. Mawili nilisema sijui, akaandika. Mgeni mmoja wa chuoni alijaribu kuingilia, "Profesa, nadhani ametosheleza," mjomba akamwambia bila kugeuka, "Hajamaliza."

Halafu akafunua ukurasa mwingine.

"Vipimo ishirini na vitatu. Umesema havikutumika awali. Vilikuwa na ubaya gani?"

"Vitatu vilikuwa vibaya. Taa iliungua."

"Na ishirini?"

Nikaigeukia grafu yangu ukutani.

"Nakuuliza, mtoa mada. Ishirini vilikuwa na ubaya gani?"

"Havikuwa na ubaya."

"Nani aliviacha?"

"Mjomba, tafadhali." Lilinitoka hivyo, mbele za watu, si Profesa.

"Nani aliviacha?"

"Wewe."

"Kwa sababu gani?"

"Sijui."

"Mimi najua," akasema. Sasa alisimama, akawageukia watu. "Nilivitazama nikaona haviipendi sayari yangu. Fundi aliniletea karatasi ya vitatu. Nikajiambia, taa ikishaungua, nani ajuaye imeharibu vingapi? Sikuuliza, kwa sababu Fundi angenijibu." Akamtazama Fundi, aliyekuwa ameinamisha kichwa. "Sikudanganya siku ile. Nilijizuia kujua. Nimeishi humo miaka kumi na miwili, na siwashauri. Andikeni hivyo."

Kisha akanigeukia mimi, mara ya kwanza.

"Nimekaa nyumbani siku kumi na mbili nikitafuta tundu kwenye hesabu zako. Nimekuuliza yote niliyoyapata. Sina swali jingine."

Akafunga daftari, akaketi.

Ndipo nilipoelewa alichokuwa akifanya muda wote ule. Alikuwa akipiga misumari yote yeye mwenyewe, ili asitokee mtu kesho akasema mpwa kakosea. Mkurugenzi alikuwa anaangalia dirishani. Hakuna aliyepiga makofi, ungepigaje makofi?

Jumapili, 21 Aprili

Mjomba amekuja kula. Mama alipakua, kisha akaweka mwiko chini.

"Basi ndiyo imekufa, hiyo sayari yako?"

"Haijafa, dada. Haikuzaliwa."

Mama akafunika uso kwa kanga. Mjomba akasogeza kiti, akamshika bega, kisha akaniambia mimi kwa upole kabisa nilete maji. Nilipokuwa jikoni nikasikia mama akisema, "Nilimwambia angenyamaza miezi miwili tu. Mimi ndiye niliyetaka." Na mjomba: "Hata mimi, dada. Hata mimi."

Jioni mama alizima redio.

Alhamisi, 2 Mei

Barua ya kuiondoa sayari kwenye orodha imetumwa. Jina langu la kwanza, lake la pili. Nilibadilisha, akarudisha. Kijitabu cha kuaga kimefutwa. Mkurugenzi hasemi nami zaidi ya salamu. Fundi kaniletea chai bila kuombwa, akaondoka.

Alhamisi, 9 Mei

Manyunyu. Watu wawili wa vituo vya mbali wameandika kwamba walikuwa na shaka tangu zamani. Nimemwuliza mjomba kwa nini hawakusema. "Nami nilikuwa na makali wakati ule, nani angethubutu?" kajibu.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua zimekatika, Fundi anaondoa turubai. Nilidhani sina cha kushtuka tena.

Leo asubuhi imekuja barua pepe kutoka kwa mwanafunzi wa chuo kimoja cha mbali, mwanamke, anamaliza shahada ya juu. Mistari michache. Anasema ameisoma barua yetu na hana ubishi. Anasema miaka minne amekokotoa hali ya hewa ya Kitindamimba: upepo wake, mawingu yake, mvua zake zinanyesha upande gani. Ndiyo tasnifu yake nzima. Anauliza, kwa adabu, afanye nini sasa.

Niliisoma tena, kutoka juu. Mvua! Wakati sisi tulikuwa tunalalamikia matope ya kituoni, kuna mtu alikuwa anahesabu mvua za mahali ambapo hapapo, kwa sababu mtu wa ukoo wangu alijizuia kujua.

Nikampelekea mjomba. Aliisoma akiwa amesimama, amebakiza maboksi mawili ofisini. Akakaa juu ya moja. Nilimwona anazeeka pale pale.

"Nipe namba yake."

"Tumwandikie kwanza, mjomba—"

"Hapana. Hili haliandikwi."

Akapiga. Simu aliiweka mezani, spika wazi, nami nikafunga mlango. Sauti ikaitika, changa, ya haraka. Mjomba akajitambulisha.

"Mimi ndiye niliyekukosea," akasema. "Si hesabu, si nyota. Ni mimi. Nimeona nikuambie kwa mdomo wangu."

Kule upande wa pili tukamsikia anavuta pumzi, mara mbili, kama mtu aliyepanda ngazi. Kisha akasema, "Miaka minne, Profesa." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa na hasira.

"Najua."

"Nilikuwa najua hata majira yake."

Mjomba alifumba macho. Nilidhani atakata simu, maana mkono ulikuwa umeielekea. Badala yake ukaipita, ukachukua kalamu na karatasi.

"Hizo mvua," akasema, "ulizikokotoaje? Nieleze tangu mwanzo. Kuna sayari nyingine nne zenye ukubwa huo na joto hilo, na zile nimezikagua tena wiki iliyopita, moja moja, hakuna nilichokiacha nje. Kama njia yako inasimama bila sayari yangu, tutajua ipi ya kuihamishia."

Kisha yule dada akaanza, kwa kusitasita, upepo kwanza. Mjomba akaandika. Alipokosa kuelewa aliuliza, naye akamrekebisha, mara ya kwanza kwa woga, mara ya tatu bila woga wowote. Walikaa hivyo saa nzima na robo. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni, mgongo kwenye ubao, nikimsikiliza mjomba wangu akisema kwa mtu asiyemjua, tena na tena, "Hapo sijakuelewa. Rudia."